Kipimo cha presha ya oili cha boksi: kinunue, ila chini ya psi 10 usikiamini

Taa nyekundu ya oili ikianza kuwakawaka kwenye RAV4 au Carina yenye miaka ishirini na ushei, ushauri wa gereji nyingi ni mmoja kati ya mitatu: tia oili nzito, badilisha pampu, au shusha injini. Yote matatu yanaweza kuwa sahihi, na yote matatu ni kubahatisha mpaka presha yenyewe ipimwe. Kifaa cha kuipimia ni boksi la plastiki, jeusi au jekundu, mara nyingi bila jina la kiwanda la kueleweka. Ndani mna geji ya mshale inayosoma psi 0 hadi 140 (bar 0 hadi 10), mpira wa kama sentimita 65, na adapta kumi na kitu za kuungia kwenye injini. Kwa Unguja ulizia kwa wauza vifaa vya gereji. Ukikikosa, agiza Kariakoo kije na boti. Bei ni ya maelewano, lakini hata ukipigwa bei ya mgeni, haikaribii bei ya injini ya mtumba.

Nakipa nyota tatu na nusu kati ya tano. Wazo lake ni zuri, mpira unaridhisha, adapta zina mtego, na geji ndiyo sehemu mbovu kuliko zote. Bahati mbaya geji hiyo ni mbovu pale pale panapotakiwa ukweli: chini kabisa, injini ikiwa ya moto na iko sailensi, yaani inaunguruma polepole bila kukanyagwa.

Kwanza tuielewe taa. Swichi ya oili kwenye gari nyingi za Kijapani ina waya mmoja. Presha ikishuka hadi kama psi 4 hadi 7, swichi inaunganisha waya huo na bodi ya injini na taa inawaka. Ikipanda juu ya hapo, taa inazima. Kwa hiyo taa iliyozima haisemi kama presha ni psi 8 au 60. Gari inaweza kutembea na psi 12 kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika, kiasi kinachokula beringi taratibu, na dashibodi ikabaki kimya. Kinyume chake, swichi ya zamani inayovuja au waya uliochubuka utakuwashia taa kwenye injini nzima kabisa. Kuyatenganisha hayo mawili ni kazi fupi ukiwa na kipimo, na hiyo peke yake inatosha kurudisha pesa.

Geji

Tazama kwenye uso wa geji, chini, kama pameandikwa 2.5 au "CL 2.5". Maana yake kosa linaloruhusiwa ni asilimia 2.5 ya kipimo chote, siyo ya namba unayoisoma. Kwa geji ya bar 10 hiyo ni bar 0.25, yaani karibu psi 3.6, juu au chini, mahali popote pa uso. Kwenye psi 60 kosa hilo halina neno. Sasa chukua injini ya 3S-FE, ile iliyomo kwenye RAV4 na Noah nyingi za miaka ya 1990. Kiwango cha Toyota kwa injini hiyo ikiwa ya moto ni 0.3 kgf/cm² (kilo kwa sentimita ya mraba) au zaidi kwenye sailensi, ambayo ni psi 4.3, na kwenye mizunguko 3,000 ni 2.5 hadi 5.0 kgf/cm², yaani psi 36 hadi 71. Ukisoma psi 5 kwa geji hii, ukweli unaweza kuwa psi 1.5 au psi 8.5. Moja ni injini inayokufa, nyingine haina tatizo. Na geji isiyoandikwa daraja lolote haijakuahidi hata hayo.

Kuna ila nyingine isiyoonekana kwa macho. Geji rahisi zina kijipini pale kwenye sifuri ambacho mshale unakiegemea. Mshale ukiwa umepinda au umewekwa vibaya kiwandani, utaegemea pini na kuonekana umetulia kwenye sifuri, kumbe haunyanyuki mpaka presha ifike psi 4 au 5. Fundi anaona sifuri, anamwambia mwenye gari pampu imekufa.

Dawa ya bure ni tangi la maji la nyumbani. Mita 3 za maji yaliyotulia zina presha ya 0.3 kgf/cm² kamili, namba ile ile ya Toyota, na mita 7 ni psi 10 kasoro chembe. Pima kwa uzi au futi urefu kutoka usawa wa maji ndani ya tangi hadi pale utakapoishika geji. Funga geji kwenye bomba linalotoka kwenye tangi hilo kwa bushi za brasi za kupunguza, kutoka nusu inchi hadi robo, kisha hadi 1/8. Toa hewa kwenye mpira kabla ya kukaza, funga mabomba mengine yote ya nyumba ili maji yasitembee, halafu soma. Inyanyue na kuishusha geji yenyewe mita moja moja uone kama mshale unafuata. Maji yawe ya tangini tu. Ya ZAWA (mamlaka ya maji ya Zanzibar) yanayoingia moja kwa moja kutoka barabarani hayana urefu unaoujua. Ukimaliza, puliza maji yote yatoke na udondoshe oili kidogo ndani ya mpira, maana maji yakibaki kwenye bomba la geji yataliharibu.

Kama kwenye mita 3 geji inasoma 7, bandika kipande cha tepu mgongoni mwake uandike: "chini toa 3". Kama haisomi kitu, itupe na ubakishe mpira na adapta. Mbadala mzuri ni geji ya psi 0 hadi 60 ya daraja 1.6, yenye thredi ya 1/8 au 1/4 ileile, ambayo kosa lake halifiki psi 1. Hiyo uitumie kwenye sailensi tu. Usiiwashie injini ya baridi, kwa sababu oili ya baridi kwenye gari nzima inaweza kuvuka psi 60 mara tu baada ya kuwasha, na mshale ukipigwa ukutani haurudi sawa.

Adapta

Swichi za oili za Toyota, na za magari mengi ya Kijapani, zina thredi ya 1/8 BSPT: thredi 28 kwa inchi, pembe ya digrii 55, na inachongoka kidogo kwenda mbele. Boksi nyingi zimetungwa kwa soko la Marekani, kwa hiyo adapta iliyo mbele kabisa ni ya 1/8 NPT: thredi 27 kwa inchi, digrii 60. Ukizishika mkononi zinafanana kama mapacha. Ukiitia NPT kwenye bloku ya BSPT itaingia mizunguko miwili, mitatu, itaanza kukaza, na fundi mwenye haraka ataisukuma kwa spana. Haitaziba vizuri, na thredi za bloku zitakuwa zimeshaumia. Swichi ya asili ikirudishwa itavuja oili siku zote.

Kuzitambua kwa macho ni kujidanganya. Nunua nipeli na soketi ya brasi ya 1/8 kwenye duka la vifaa vya mabomba au la kompresa. Bomba zetu huku zinafuata kipimo cha Kiingereza, kwa hiyo vya hapo vitakuwa BSP. Jaribu kila adapta ya boksi ndani ya soketi hiyo kwa vidole tu. Inayoingia laini mizunguko minne hivi ndiyo yenyewe. Inayokwama kwenye wa pili iweke pembeni na uipake rangi nyekundu. Kama boksi halina BSPT kabisa, nipeli ya brasi uliyonunua inafanya kazi ileile, na ni bora kuliko adapta ya chuma kwa sababu brasi ndiyo itakayoumia kabla ya bloku. Magari ya Kizungu mengi hutumia M10 kwa 1.0, M12 kwa 1.5 au M14 kwa 1.5, na hizo humo ndani zipo.

Kiungio cha haraka kinachounganisha mpira na adapta kina vali ndani yake. Kisipobonyezwa mpaka kilie "tak", vali haifunguki na geji inakaa sifuri hata injini ikiwa na presha ya kutosha. Kabla ya kumwambia mtu habari mbaya, zima, chomoa, chomeka tena.

Kwa hewa yetu ya bahari, adapta za chuma zilizopakwa kromu zinashika kutu kwa ndani mapema kuliko nje. Funika boksi na kitambaa chenye oili. Kutu ikianza kumomonyoka unaipeleka mwenyewe kwenye njia ya oili ya injini.

Namna ya kupima

Anza na dipstiki (kijiti cha kupimia oili), gari ikiwa sehemu tambarare na injini imezimwa dakika tano. Kati ya alama ya chini na ya juu kwa Toyota ndogo ni kama lita moja. Injini za 7A-FE na 1NZ-FE huchukua lita 3.7 pamoja na filta, kwa hiyo ikipungua lita moja na nusu umeshapoteza karibu nusu ya oili yote, na kwenye kona au mteremko pampu inavuta hewa. Nusa ile dipstiki. Ikinuka petroli, na kiwango kimepanda badala ya kushuka, oili imechanganyika na petroli. Rekebisha inakotoka kabla ya kupima chochote.

Halafu waya. Washa swichi ya ufunguo bila kuwasha injini: taa lazima iwake. Chomoa waya kwenye swichi ya oili: taa lazima izime. Isipozima, waya umegusa bodi mahali fulani, na tatizo lako ni la fundi umeme. Mengi ya "matatizo ya presha" huishia hapa.

Endesha gari dakika ishirini. Geji ya joto la dashibodi huonyesha maji, na oili huchelewa kupata joto kuliko maji, kwa hiyo gari iliyowashwa ikakaa pale pale gereji kwa dakika kumi bado haijawa tayari. Vipimo vinavyochukuliwa mapema hivyo ndivyo vinavyofanya injini mbovu ionekane nzima.

Zima. Toa swichi kwa soketi ndefu ya 24. Spana ya kawaida huteleza na kuvunja plastiki ya juu. Weka kitambaa chini, oili ni ya moto. Funga nipeli au adapta kwa mkono kwanza, kisha kaza kiasi. Funga mpira mbali na ekzosi, feni na mikanda kwa waya au kamba ya plastiki. Oili ya presha ikichuruzika kwenye ekzosi ya moto huwaka, na maungio ya mpira wa boksi hizi si ya kuwekewa dhamana. Mtu mmoja aangalie geji na maungio, mwingine awe kwenye ufunguo. Presha isipopanda ndani ya sekunde tano hadi kumi, zima.

Andika namba tatu: sailensi, mizunguko 2,000 na mizunguko 3,000, kila moja ikikaa nusu dakika. Usitosheke na kukanyaga na kuachia. Gari isiyo na geji ya mizunguko, tumia mashine ya kusomea hitilafu kama inayo tundu lake, au kadiria kwa sikio ukijua unakadiria.

Kurudisha swichi kuna mtego wake. Imeshikana na umeme kwa kupitia thredi zake, kwa hiyo ukiizungushia tepu ya mafundi bomba kuanzia ncha mpaka kichwa, inaweza kukosa mguso na bloku na taa isiwake tena kamwe. Mwenye gari atafurahi, na injini itakufa bila onyo. Tumia gundi ya thredi kwenye thredi mbili tatu za kati, ncha uiache wazi ili gundi isiingie ndani, kaza kwa kama Nm 15, subiri saa moja kabla ya kuwasha. Kisha rudia jaribio la ufunguo: taa iwake kabla ya injini, izime baada.

Namba zinasema nini

Presha nzuri asubuhi, nzuri kwenye 3,000, lakini moto ukipanda sailensi inashuka karibu na sifuri: hapo kuna uwazi mkubwa kwenye beringi, au oili nyepesi, au pampu iliyochoka. Beringi ndiye mshukiwa mkuu kwa gari zetu za umri huu, na hesabu yake ni kali. Uwazi wa kawaida kati ya krenki na beringi ni kama milimita 0.02 hadi 0.05. Oili inayovuja kwenye uwazi huo huongezeka kwa kipeo cha tatu: uwazi ukiwa mara mbili, oili inayotoroka ni mara nane. Pampu haiwezi kuikimbiza kwenye mizunguko 700, ila kwenye 3,000 inaweza, ndiyo maana namba ya juu bado inapendeza. Kama pamoja na hayo unasikia mlio mzito wa kugonga kutoka chini ukikanyaga, hakuna oili wala dawa ya chupa itakayosaidia.

Presha ndogo kila mahali, haipandi ukikanyaga: tazama vali ya kuachia presha iliyoganda wazi kwa uchafu, strena (wavu unaochuja oili kabla ya pampu) iliyoziba, au pampu. Ikipanda mwanzo halafu ikashuka taratibu wakati umeshikilia 3,000, ni strena. Oili inavutwa haraka kuliko inavyopita. Mshale unaotetemeka ovyo na kurukaruka ni hewa, yaani oili imepungua au gasketi ya bomba la strena imepasuka. Mtetemeko mdogo wa haraka wa kila wakati si kitu, geji hizi hazina glisirini ndani.

Taa inakaa sekunde kadhaa kila asubuhi kisha mambo yote sawa: filta. Filta ya bei ya kutupa haina vali ya mpira ya kuzuia oili isirudi chini, au inayo ya mpira mgumu usioziba. Badilisha filta kabla ya kugusa kingine.

Geji inasoma vizuri na taa inawaka: swichi. Imekwisha.

Kabla ya kufungua injini, mwaga oili, weka mpya ya daraja linalotakiwa na filta ya kuaminika, kisha pima upya. Hili halirukwi, kwa sababu hujui aliyepita alitia nini. Oili ya daraja 30 ikiwa kwenye nyuzi 100 za joto ina uzito wa 9.3 hadi 12.5 kwa kipimo cha sentistoki, ya 40 ni 12.5 hadi 16.3, ya 50 ni 16.3 hadi 21.9. Kwa hiyo kutoka 10W-30 kwenda 20W-50 kunaweza kukupandishia namba ya sailensi, na kwa hali yetu, ambapo baridi ya kugandisha oili haipo, ile namba iliyo kabla ya W haitusumbui. Kwa 3S-FE au 7A-FE iliyochoka, 20W-50 ni njia halali ya kusogeza siku, ilimradi mtu asijidanganye kuwa ni tiba. Kwa 1NZ-FE ya IST na Spacio mpya usifanye haraka, mfumo wake wa kugeuza kamshafti unaendeshwa na oili hiyohiyo kwenye tundu nyembamba.

Usisafishe injini ya zamani kwa mafuta ya taa au dizeli kabla ya kushusha sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Uchafu uliong'ang'ania kuta kwa miaka utabanduka kwa pamoja na kukimbilia strena, na presha iliyokuwa ndogo itakuwa hakuna.

Sampu ndiyo ya kushushwa mapema, ni kazi ya nusu siku. Itazame kwa nje kwanza. Kwa gari za barabara za ndani za mashamba, na njia za mawe za kuelekea fukwe za mashariki, sampu iliyobonyea ni jambo la kila siku, na bati lililopanda sentimita moja linaweza kulikaribia strena na kulinyima oili. Ndani, utakuta uchafu mweusi kama lami, na mara nyingi vipande vya silikoni. Hivyo ni matunda ya fundi aliyeamini kuwa silikoni nyingi ndiyo kuziba: inayobaki ndani hukatika, huelea, huishia kwenye wavu. Mstari wa unene wa milimita 3 hadi 5 unatosha, ufungwe sampu ndani ya dakika chache kabla haujakauka juu, na oili isitiwe mpaka saa mbili zipite. Ukishafika hapo, fungua kifuniko kimoja cha kon beringi (beringi inayoshika krenki) na uitazame. Rangi ya shaba ikianza kuonekana kwenye uso wa kijivu, jibu umelipata bila kugusa pampu.

Kuna ujanja wa kuweka washa (kipete cha chuma) nyuma ya springi ya vali ya kuachia presha, unasifiwa sana. Hausaidii. Kwenye sailensi vali hiyo imefungwa, haihusiki kabisa. Washa inapandisha ukomo wa juu tu, wakati injini ni ya baridi au mizunguko ni mingi, na kuibebesha filta na pampu mzigo wasiouhitaji. Ukiona namba ya 3,000 imepanda na ya sailensi imebaki palepale baada ya "matengenezo," ujue ndicho kilichofanyika.

Wengine huuliza kwa nini wasifunge geji ya kudumu kwenye dashibodi. Kwa gari ya abiria au ya kukodisha wageni, si wazo baya, lakini chagua ya umeme yenye sensa yake, na swichi ya asili ibaki kwa kiungo cha T. Zile zenye kijibomba cha plastiki kinacholeta oili ya moto mpaka miguuni mwa dereva, ziache dukani.

Dukani kwenyewe, fungua boksi kabla ya kulipa. Mshale uwe kwenye sifuri na ukiutikisa urudi palepale. Puliza kwa mdomo kwenye mpira ukiwa umefungwa kwenye geji: mtu mzima anatoa karibu psi 1, mshale uonyeshe dalili hata ndogo. Pinda mpira karibu na kiungio utazame kama kuna mpasuko. Hesabu ringi za mpira kwenye kiungio cha haraka, na kama hazipo za akiba, nunua mbili za saizi hiyo hapohapo. Mwenye gari moja anayetaka kupima mara moja tu afadhali amlipe fundi mwenye kipimo, akaja na nipeli yake ya brasi mkononi.